Robert Downey Jr.: ile "dhamana" ya Mel Gibson ilikuwa ya nini hasa?

Shamte_Sinema

Habari za jioni wakuu. Natayarisha simulizi ya sauti ya kama dakika 20 kuhusu Robert Downey Jr., muigizaji wa Marekani aliyewahi kusumbuliwa na uraibu wa dawa za kulevya na kufungwa, na nimekwama mahali pamoja. Masimulizi mengi yanasema muigizaji mwenzake Mel Gibson "alimwekea dhamana", mengine yanaongeza kwamba ndiyo iliyomtoa gerezani, halafu yanaruka moja kwa moja hadi filamu ya Iron Man. Miaka yenyewe inakataa. Gerezani alitoka 2000, filamu ya Gibson ni ya 2003, Iron Man ni ya 2008.

Naomba wanaojua utaratibu wanisaidie. Dhamana hiyo ilikuwa ya nini? Kwa nini alikosa kazi wakati uwezo wake ulikuwa hauna shaka, mtu aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Chaplin? Kati ya 2001 na 2008 kilifanyika nini mpaka wakamkabidhi filamu kubwa namna ile? Na ule msamaha aliopewa na gavana wa California unaingia wapi? Habari za ndoa zake sizihitaji, ila kama zinagusa kazi.

---

Fundi_Bajeti

Mkuu Shamte, kosa limezaliwa na neno lenyewe. Kwetu neno "dhamana" ni moja tu kwa mambo mengi: ya kumtoa mtuhumiwa mahabusu, ya kumsimamia mtu kwenye mkopo, hata ya mkandarasi kwamba jengo atalimaliza. Gibson hakumtoa mtu mahabusu. Filamu ilikuwa The Singing Detective, ikitayarishwa na kampuni yake ya Icon, naye akabeba mwenyewe mzigo wa bima ya Downey ili kazi ianze. Walikuwa wanafahamiana tangu filamu ya Air America ya 1990.

Ili wasikilizaji wako waelewe, tenganisha karatasi mbili.

Ya kwanza ni bima ya waigizaji. Kabla kamera haijawaka, waigizaji wakuu wanapimwa na daktari anayekubaliwa na kampuni ya bima na kujaza historia ya afya zao. Mmoja akiugua, akiumia au akifariki katikati ya kazi, bima inalipa gharama za ziada: siku za kusubiri, kupiga picha upya, na ikibidi kuachana na filamu kabisa. Mtayarishaji hubeba kiasi cha kwanza cha hasara, bima inaanzia hapo. Tatizo ni kwamba kampuni inaweza kutenga jambo. Inaandika kwamba haitalipa hasara yoyote inayotokana na dawa za kulevya. Unabaki na bima ya mtu akivunjika mguu, lakini lile hasa unaloliogopa halimo.

Ya pili ni dhamana ya ukamilishaji, na hii inazibana zaidi filamu za kujitegemea zinazotengenezwa kwa mkopo. Benki inakopesha kwa kuangalia mikataba ya wasambazaji walioahidi kulipa filamu ikikabidhiwa. Filamu isipokabidhiwa, wasambazaji hawalipi na mkopo haurudi. Kwa hiyo anatafutwa mdhamini anayeiahidi benki kwamba filamu itamalizwa kwa bajeti na kwa wakati, ama benki irudishiwe pesa yake. Ada yake kwa kawaida ni kama asilimia 2 hadi 3 ya bajeti, na mara nyingi anataka itengwe akiba ya dharura ya asilimia 10 hivi. Mambo yakiharibika ana haki ya kuichukua filamu na kuimaliza mwenyewe. Mdhamini huyu naye hatii saini mpaka aone bima ya waigizaji imekamilika. Karatasi ya kwanza ikikwama, ya pili inakwama nayo, na benki haitoi hata senti.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme ratiba ni siku 40, muigizaji mkuu yumo katika siku 32, naye anakamatwa siku ya 25. Kumweka mtu mwingine maana yake ni kupiga upya kila siku aliyoonekana. Seti zimeshabomolewa, nyumba mliyokodi ina wapangaji wengine, wenzake wameshasaini kazi nyingine. Lakini kama alikuwa na siku 4 tu, unarudia siku 4. Ishike hiyo tofauti, inaeleza kazi zake nyingi za miaka iliyofuata.

Mfano unaojulikana ni muongozaji Woody Allen. Alimtaka Downey pamoja na muigizaji Winona Ryder kwa filamu ya Melinda and Melinda, iliyotoka 2004. Wote wawili wakaachwa, na Allen mwenyewe alieleza kwamba dhamana haikupatikana. Muongozaji anamtaka, muigizaji anataka, karatasi inakataa.

Tena si mambo ya dawa za kulevya peke yake. Muigizaji George Clooney alipotaka kuongoza filamu ya Good Night, and Good Luck, kampuni za bima zilimkataa kwa sababu ya majeraha ya mgongo aliyoyapata kwenye filamu ya Syriana, ikabidi aweke rehani nyumba yake Los Angeles. Na Downey yumo katika filamu hiyo hiyo.

---

BintiSheria

Naongeza upande wa mahakama, maana hapo ndipo simulizi nyingi zinavuruga mpangilio.

Juni 1996 alisimamishwa barabarani kwa mwendo kasi. Ndani ya gari zilipatikana heroini, kokeni na bastola ya .357 Magnum isiyo na risasi. Wiki chache baadaye, akiwa bado na kesi hiyo, aliingia nyumba ya jirani huko Malibu na kulala kwenye kitanda cha mtoto. Mahakama haikumfunga. Ilimpa miaka 3 ya uangalizi, ile tunayoizoea kama kifungo cha nje, kwa sharti la kupimwa dawa za kulevya mara kwa mara.

Sasa hapa wengi wanateleza. Wanasema alifungwa "kwa kukutwa na unga". Kilichomfunga ni kutohudhuria vipimo. Ukiwa chini ya uangalizi, kipimo ulichokikosa ni ukiukaji wa amri ya mahakama, hata kama mwilini hamna kitu. Alikosa 1997, akakaa jela ya kaunti ya Los Angeles miezi kama minne. Akakosa tena 1999, na safari hii hakimu akamhukumu miaka 3. Akapelekwa Corcoran, kwenye gereza la jimbo lenye kituo cha matibabu ya uraibu.

Miaka 3 hakuimaliza. Mawakili wake walidai kwamba siku alizokwishakaa jela na kwenye vituo vya matibabu zihesabiwe, na Agosti 2000 akaachiwa kwa dhamana ya dola 5,000. Shamte, hiyo ndiyo dhamana pekee katika habari hii yenye maana ya kumtoa mtu kifungoni, na Gibson haimhusu.

Baada ya hapo aliingia tamthilia ya televisheni ya Ally McBeal karibu mara moja, na Januari 2001 akapata tuzo ya Golden Globe kwa uhusika huo. Lakini Novemba 2000, kabla hata tuzo haijatolewa, alikuwa amekamatwa tena kwenye hoteli Palm Springs. Aprili 2001 akakamatwa Culver City na kuondolewa kwenye tamthilia. Ukitaka kuonyesha gharama ya jambo hili kwa jicho la kamera, chukua hiyo Ally McBeal: mhusika wake Larry alikuwa anaelekea kufunga ndoa na Ally mwisho wa msimu, ikabidi mwisho uandikwe upya bila yeye. Kukamatwa kwake kulimtoa pia kwenye filamu ya America's Sweethearts, na mpango wa Gibson kumuongoza jukwaani katika Hamlet ukafa.

Julai 2001, kwenye kesi ya Palm Springs, hakupinga mashtaka. Wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha Pendekezo la 36 mwezi Novemba 2000, likaanza kazi tarehe 1 Julai 2001. Lilisema anayepatikana na dawa za matumizi yake mwenyewe, bila vurugu, apelekwe kwenye matibabu badala ya gerezani. Yeye alifika mbele ya hakimu wiki mbili tu baada ya sheria kuanza. Akapewa matibabu ya kulala kituoni na miaka 3 ya uangalizi. Bila sheria hiyo, kurudi gerezani kulikuwa karibu sana.

---

Shamte_Sinema

Asanteni sana, hiyo ya kukosa vipimo sikuijua kabisa. Je, baada ya Gibson kubeba bima, studio zilimwamini moja kwa moja? Nimeona mahali kwamba kwenye filamu ya Gothika alikatwa asilimia 40 ya mshahara. Alipigwa faini?

---

Mzee_wa_Klapa

Si faini, mdogo wangu. Haikukatwa, ilizuiwa. Mtayarishaji Joel Silver alishikilia asilimia 40 ya ujira wake wa Gothika mpaka upigaji picha uishe.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Muigizaji kwa kawaida hulipwa kwa awamu kadiri kazi inavyokwenda. Sasa chukua ujira wa mfano wa dola 1,000,000: 600,000 zinatoka kwa awamu kama kawaida, 400,000 zinakaa. Akivurunda, zile zilizokaa ndizo zinazokula ile hasara ya kwanza aliyoisema Fundi, kabla mtayarishaji hajaingiza mkono mfukoni mwake. Akimaliza, anachukua zote. Ndiyo maana mimi naiona hii ni ya busara kuliko kumkataa mtu. Aliyevuruga anabeba sehemu ya hatari yeye mwenyewe, na akitimiza ahadi hapotezi kitu.

Kuhusu ndoa, ulisema hutaki, lakini hii inagusa kazi. Kwenye Gothika hiyo hiyo alikutana na Susan Levin, aliyekuwa mmoja wa watayarishaji upande wa Silver. Walioana 2005. Filamu ya Silver iliyofuata na Downey ni Kiss Kiss Bang Bang, ya 2005, na safari hii ndiye muigizaji mkuu. Mtu yule yule aliyemshikilia pesa ndiye aliyempa filamu nzima.

Halafu tazama nyingine za kipindi hicho: Good Night, and Good Luck, A Scanner Darkly, Zodiac. Zote ni filamu zenye kundi la waigizaji, si za kumtegemea yeye peke yake. Rudi kwenye hesabu ya siku 32 na siku 4. Kila filamu aliyoimaliza bila tukio ikawa karatasi ya kumwonyesha mtu wa bima wa filamu inayofuata. Hiyo ndiyo ngazi yake, na ndiyo masimulizi mengi yanairuka.

---

Nuru_Soba

Naomba jambo moja kwa anayeandika: usitumie neno "teja". Sema mraibu, au mtu aliyekuwa kwenye uraibu. Pia usiseme "alipona" kama aliyemaliza dozi ya malaria. Soba yeyote, yaani mtu aliyeacha dawa, atakuambia kwamba ni kazi ya kila siku. Downey amesema aliacha 2003, na amekuwa akitaja msaada wa mke wake, tiba, programu ya hatua 12 ya kuacha uraibu, na mazoezi ya kung fu ya Wing Chun.

Na mwanzo wake usiupambe. Baba yake, Robert Downey Sr., alikuwa muongozaji wa filamu za kujitegemea New York. Alimweka mtoto mbele ya kamera akiwa na miaka 5, kwenye Pound ya 1970, akiigiza mtoto wa mbwa. Bangi pia ilimfikia utotoni kupitia baba huyo huyo, jambo ambalo wote wawili walilizungumza hadharani. Baba alilijutia. Mwanawe alimtengenezea filamu ya kumbukumbu, Sr., iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mzee kufariki. Ukiisimulia sehemu hii, isimulie kwa upole.

---

Fundi_Bajeti

Mzee wa Klapa kamaliza habari ya ngazi, mimi niweke Iron Man.

Marvel, kampuni iliyotengeneza Iron Man, wa 2006 si Marvel wa leo. Mwaka 2005 walipata uwezo wa kukopa dola milioni 525 kupitia benki ya Merrill Lynch ili watengeneze filamu zao wenyewe, na dhamana (haya, neno limerudi) ilikuwa haki za filamu za wahusika wao. Filamu zikianguka, wahusika wanakwenda kwa wakopeshaji. Kwa hiyo wakubwa wa Marvel waliokataa jina la Downey hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wameweka mezani mali ya kampuni.

Muongozaji Jon Favreau alishikilia kwamba ni Downey tu. Njia iliyofungua mlango ni majaribio mbele ya kamera, kama kijana asiyejulikana, mtu ambaye 1993 alichukua BAFTA, tuzo kubwa ya filamu ya Uingereza, kwa Chaplin. Ujira ulioripotiwa ni kama dola 500,000, kidogo kwa filamu yenye bajeti ya takriban milioni 140. Filamu ilitoka Mei 2008 na kuingiza zaidi ya milioni 580 duniani. Baadaye jarida la Forbes lilimweka kileleni mwa waigizaji wa kiume wanaolipwa zaidi miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015.

---

BintiSheria

Msamaha sasa. Gavana wa California wa wakati huo, Jerry Brown, aliutoa mkesha wa Krismasi 2015, Downey akiwa mmoja wa watu 91. Kwa desturi ya ofisi hiyo mtu alitakiwa awe amekaa miaka 10 au zaidi tangu amalize adhabu, bila kosa jipya. Haufuti hukumu, kumbukumbu inabaki. Kwa hiyo kwenye simulizi uweke baada ya Iron Man na baada ya The Avengers, filamu nyingine ya Marvel. Haukumpa kazi yoyote.

---

Shamte_Sinema

Nimeandika upya kifungu cha katikati: "Mwaka 2003 Mel Gibson alibeba bima ya Downey ili aigize The Singing Detective. Mwaka huo huo, kwenye Gothika, alikatwa asilimia 40. Miaka mitano baadaye akawa Iron Man, na 2024 akachukua Oscar kwa Oppenheimer." Iko sawa?

---

Mzee_wa_Klapa

Badilisha "alikatwa" iwe "alizuiliwa hadi amalize kazi". Na kabla ya Iron Man ingiza sentensi moja ya Kiss Kiss Bang Bang na Zodiac, msikilizaji asidhani alipumzika miaka mitano. Oscar ni sahihi, ilikuwa ya muigizaji msaidizi, kwa uhusika wa Lewis Strauss.