Naomba ushauri: apdeti ya Windows 11 inafika asilimia 35 inarudi nyuma

Wakuu habari za jioni, nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina steshenari ndogo na kompyuta yangu ndo kila kitu, sasa wiki ya pili hii apdeti inashuka vizuri, mashine inajizima na kuwaka, inafika asilimia 35 inaganda pale nusu saa nzima halafu inarudisha kila kitu kama mwanzo. Namba ya erori ni 0x800f0922.

Nimefuta mafaili mpaka C ina GB 60 wazi, nimefuta folda la SoftwareDistribution (linalotunza mafaili ya apdeti), nimepiga sfc /scannow (amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya Windows), wapi! Na kila nikijaribu linaliwa bando, hiyo ndo inaniuma.

Nimeambiwa erori hiyo mara nyingi ni ile patisheni ndogo ya mfumo (kipande cha diski kinachotumika kuwasha Windows) kujaa, kucheki yangu ina MB 100 tu. Naweza kuiongeza bila kupoteza data? Au nishushe ISO (faili moja lenye Windows nzima) niweke kwa flashi mafaili yakiwa palepale? Fundi kasema tupige Windows upya, ila humo kuna ripoti za fildi za wanafunzi hawajazichukua na eksteno (diski ya nje) ya kuzihamishia sina. Aliyewahi kupitia hili anielekeze jamani, nimekwama kweli.