Makocha wa watoto hapa Kigoma, mnatuharibia watoto!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina kijana wa miaka 11, anacheza timu moja ya watoto hapa Kigoma mjini. Timu siitaji, wenyewe watajijua. Nilimpeleka mwenyewe, nikamnunulia na njumu, kwa sababu nilitaka ajifunze kushindwa bila kununa na kushinda bila kumdharau mwenzake. Hayo mzazi ukiyahubiri sebuleni hayaingii. Uwanjani yanaingia.

Jumamosi iliyopita nikaenda kuangalia mechi. Moja moja, dakika zinayoyoma, winga wetu akaingia kwenye boksi. Beki hajamgusa, nilikuwa nimesimama palepale. Kocha akapaza sauti, "Lala! Lala hapo!" Mtoto akalala. Akashika kifundo cha mguu, anagaagaa vumbini huku jicho moja liko kwa refa. Penati, tukafunga. Yule beki, kadogo, jezi inamfika magotini, akawa anamfuata refa huku analia, "Sijamgusa mwalimu, haki ya Mungu sijamgusa." Kocha wetu kambeba juu juu yule muongo: "Huyu ndiye mwanaume!" Wazazi makofi. Na mimi nilipiga, wakuu. Nimeshapiga mara mbili tatu ndipo akili ikanirudia, na mpaka leo linaniuma.

Filimbi ya mwisho ilipolia wale watoto wengine, pamoja na machozi yao, wakajipanga kutoa mkono. Wetu wakaitwa, "Achaneni nao, njooni huku!" Mikono ya wenzao ikabaki hewani.

Jioni namkuta mwanangu anamfundisha mdogo wake jinsi ya kumkanyaga mtu vidole wakati wa kona. "Unasubiri refa auangalie mpira, ndipo unakanyaga." Nani kakufundisha? "Kocha, mazoezini." Yaani mtu mzima alitenga muda, akawapanga watoto wa watu mstari, wakarudia mpaka wakaweza!

Haikuishia uwanjani. Jumatatu kavunja chupa ya chai. Nilipomuuliza akanitazama usoni bila kupepesa, akasema dada yake kamsukuma. Dada yake muda huo alikuwa bombani anachota maji.

Nilimfuata kocha kwa adabu, pembeni, mtoto asisikie. Jibu lake: "Mzee, mpira wa siku hizi ndivyo ulivyo. Ukileta ustaarabu unafungwa." Ndugu yangu, sheria ya 12 ya soka inasema anayejiangusha kumhadaa refa apewe kadi ya njano. Unaloliita ujanja kitabu cha mpira wenyewe kinaliita kosa. Na hawa ni watoto, wafungwe! Kufungwa wakiwa na miaka 11 kunawapunguzia nini?

Vijeba nao, wale wakubwa wanaochezeshwa na watoto. Mechi ileile upande wetu kulikuwa na wawili ambao wameshaanza kunyoa ndevu, na mwanangu ananiambia wameambiwa waseme mwaka gani wa kuzaliwa wakiulizwa. Tumesahau 2005? Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kikosi kizima kilibaki nyumbani kwa uongo wa aina hii hii. Na tangu 2009 FIFA wanapima mfupa wa kifundo cha mkono kwa MRI, mashine inayopiga picha ndani ya mwili, kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Mfupa huwezi kuuelekeza cha kujibu.

Mimi nimesoma Tabora. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mkali wa kuogopwa, lakini siku nahodha wetu, mfungaji wetu tegemeo, alipomtukana refa, mwalimu alimtoa mwenyewe kabla refa hajatoa kadi. Alikuwa hana mchezaji wa akiba. Tukamaliza kumi, tukafungwa mbili. Kesho yake nahodha akapelekwa kwa yule refa kuomba radhi, kisha akafua jezi za timu nzima, sote tunamwangalia. Hakupigwa, hakutukanwa, na aliendelea kuwa nahodha. Nimeshasahau matokeo ya karibu mechi zote za miaka ile, ila zile jezi kwenye kamba naziona mpaka kesho. Yule alikuwa kocha.

Mwanangu nimemtoa. Jana jioni alikaa mlangoni, njumu mkononi, anawaangalia wenzake wanavyoshuka kwenda mazoezini. Hakunisemesha mpaka usiku.

Sasa naomba msaada. Kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, anayejua timu ya watoto ambayo kocha akiona mchezaji wake kajiangusha anamtoa nje, aniandikie hapa hapa. Hata kama inafungwa kila wiki. Hata kama ni mbali, nauli nitatoa.