Mrejesho: Picha ya mirija ya nyongo baada ya kutolewa kifuko

Ndugu zangu, niliwauliza kama mama, ambaye maumivu ya chini ya mbavu za kulia yamemrudia baada ya kutolewa kifuko cha nyongo, afanyiwe moja kwa moja endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mirija ya nyongo), kwa kuwa altrasaundi ilionyesha mrija mkuu wa nyongo umetanuka hadi milimita 9. Nawashukuru sana mlioshauri tuanze na MRI (picha za mashine ya sumaku), kwani endoskopi ya mirija huweza kusababisha uvimbe wa kongosho, na sioni sababu ya kubeba hatari hiyo kwa ajili ya picha tu.

Mama alikaa bila kula kwa saa kadhaa, akaingia kwenye mashine na kubana pumzi kila alipoagizwa; hakuchomwa dawa yoyote, kwa sababu nyongo yenyewe, ikiwa majimaji, hung'aa pichani. Daktari alituonyesha mrija mweupe na, karibu na unapoingilia utumbo mwembamba, doa dogo jeusi la mviringo: jiwe lililobaki. Upana wa mrija peke yake usingetosha kuthibitisha kuwa kuna jiwe, maana mrija huweza kutanuka kiasi baada ya upasuaji huo pasipo ugonjwa. Endoskopi ya kulitoa imepangwa wiki ijayo.