Wakuu, mawe yanamaliza uso wa karavani langu la faiba, nifanyeje kabla ya masika?

Mtembezi_Njiro

Habari za jioni wakuu, hili jambo linaninyima raha, naomba wenye uzoefu mshuke hapa. Nina kikaravani cha faiba, vile vya mviringo kama yai, nilikichukua kwa mzee mmoja alikuja nacho kwa barabara toka Afrika Kusini, alipofika Arusha akasema inatosha, yeye anarudi kwa ndege. Sasa mi na mama watoto tunakitumia kupeleka wageni wachache wanaotaka kulala porini, navuta na Land Cruiser mkonga.

Kwenye lami sina tatizo, Arusha mpaka Karatu kinakuja nyuma kimya utasema hakipo. Kimbembe ni tukiiacha lami pale Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Engaresero, wanaoijua ile njia wanaijua, mawe meusi ya volkano yametapakaa na yana makali balaa. Safari ya mwezi uliopita nimerudi nikahesabu vidonda 23 usoni. Kimoja kikubwa kama sarafu ya 200 na kimepasuka kama nyota, vinyufa vimetawanyika pande zote, ukipitisha kucha inanasa. Nikakiosha Jumamosi, Jumapili asubuhi nakuta kachozi ka maji kanatoka kwenye ile nyota, nimefuta, baada ya saa moja kametoka tena!!

Nilijaribu kufunga turubai mbele, nikaenda nalo mpaka Engaresero na kurudi, nilipolifungua nikakuta pale lilipokuwa linapigapiga rangi imekufa kabisa, imekuwa kama chaki. Fundi wa bodi mmoja huku mjini ananiambia nipige puti na rangi yaishe, jirani ananiambia nichomelee bati. Nani yuko sahihi? Masika hiyo inakuja.

Mangi_wa_Himo

Mkuu usijisumbue na mambo mengi, chomelea bati la chekadi, lile lenye vinundu, mbele, milimita 3, piga rangi nyeusi umemaliza. Mi nina trela la kubebea ndizi toka 2015 halijawahi kulalamika.

DerevaKisongo

Mangi trela la ndizi halina shida hata likipigwa na nyundo, na ndizi hazina kioo 😂

Mtembezi naomba unisikilize kwa makini maana hili nimelilipia. Miaka ya nyuma nilikuwa navuta trela la jikoni la kampuni moja, mbele limenyooka kama ukuta, wakapiga bati kama anavyosema Mangi. Siku hiyo tumetoka Wasso tunarudi, niko kama 70 hivi, nasikia paaa, nikadhani pancha, natazama kwenye kioo cha kati sioni kitu nyuma ni ukungu tupu, kumbe kioo cha nyuma chote kimekuwa punje punje kimemwagikia kwenye mabegi ya wageni. Tairi la nyuma la gari lilirusha jiwe, jiwe likagonga bati, bati likalirudisha kwa nguvu ileile kwenye kioo. Kutoka pale mpaka Arusha tumekula vumbi lote la Loliondo, mama mmoja mgeni alijifunga kitenge usoni mpaka tunaingia mjini, na kioo nikakatwa kwenye mshahara.

Kwahiyo kitu kigumu na kilichosimama wima ndo adui yako mkubwa. Ukitaka kuweka bati basi lilaze kwa mteremko ili jiwe liende chini au juu, sio lirudi ulikotoka. Alafu watu wanasahau, mawe mengi hayatoki kwa magari mengine, yanatoka kwenye tairi zako mwenyewe za nyuma. Anza na gari kabla hujagusa karavani. Raba zako za matope zikoje? Hizi fupi za kiwandani hazisaidii, zinatakiwa zishuke mpaka karibu na ardhi na ziwe pana kuzidi tairi.

Mtembezi_Njiro

Duh kaka pole sana, hilo la kioo sikuliwaza kabisa. Raba za matope moja ipo, nyingine ilibaki Engaruka mwaka jana 😅

Fundi_Faiba_Pasua

Nimechelewa kuona huu uzi, nilikuwa kazini. Mimi niko Moshi, faiba nimeanza nayo kwenye boti kule pwani, sasa hivi natengeneza matanki na yale mapaa ya kufunguka ya gari za safari. Mdogo wangu, hicho kikaravani chako bila shaka ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeungwa kiunoni, sivyo? Mtindo huo una miaka mingi, Wakanada walikuwa nao toka 1968 wakitengeneza vya aina ya Boler pale Winnipeg, na vingine viko barabarani mpaka leo. Faiba haiozi kama mbao wala hailiwi na kutu, ila ukiacha maji yaingie inakufa taratibu kutokea ndani na wewe unaona nje kuzuri.

Sasa hilo chozi. Ngozi ya juu inaitwa jelikoti, unene wake ni kama nusu milimita tu, hiyo ndo inazuia maji na jua. Chini yake ni mkeka wa nyuzi za kioo na rezini, ile gundi inayozishika nyuzi. Jiwe likipiga, jelikoti ni ngumu lakini haina unyumbufu, mkeka unabonyea kidogo unarudi, jelikoti haiwezi kubonyea ndo inapasuka nyota. Maji yanapita kwenye nyufa yanafuata nyuzi kama utambi wa kibatari. Nusa hilo chozi, likiwa na harufu kama ya siki ujue maji yamekaa siku nyingi yameanza kuila rezini. Alafu chukua hiyo hiyo sarafu ya 200 gonga polepole kuzunguka kidonda. Pazima panalia ti ti ti, palipoachia panalia bubu kama unagonga kadibodi. Weka alama kwa penseli uone paliachia mpaka wapi.

Puti ya fundi wa bodi usikubali, sio kwamba nambania kazi yake, ile puti ya gari inanyonya maji, ukipaka rangi juu umeyafungia ndani na mlango umekomea. Fanya hivi: chimba ile nyota kwa ncha mpaka upate pagumu, mdomo uwe mpana kuliko chini, ufute kwa asetoni, uache juani siku mbili tatu na usiku ulifunike mbele na nailoni umande usiingie. Palipolia bubu itabidi paondolewe pajengwe upya na mkeka, hapo tafuta mtu wa faiba. Vile vidogo weka jelikoti mwenyewe, hadina (ile dawa ya kugandisha) asilimia 2, yaani jelikoti gramu 100 hadina gramu 2, usiongeze eti iwahi, itapasuka. Ukishajaza bandika selotepu juu au nailoni ya kung'aa, kwa sababu jelikoti isiyo na nta ikiguswa na hewa haikauki juu, inabaki inanata, watu wanadhani wameuziwa feki. Ikishika unapiga msasa wa maji, namba 400, 800, 1200, unamalizia na polishi. Fanya mchana jua likiwepo, Arusha asubuhi ina baridi, mwezi wa saba ndo usijaribu kabisa kabla ya saa tano.

Na macho! Vaa miwani, hadina ikiingia jichoni inapofusha, sio utani. Na kama umeuziwa rezini pamoja na ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, kobalti, usiichanganye na hadina moja kwa moja hata tone, zinalipuka. Kila moja inaingia kwenye rezini kwa zamu yake.

Mangi_wa_Himo

Fundi hapo umenifunga mdomo. Basi si abandike ile stika nene ya kulinda rangi, magari mapya ya wakubwa wanaweka.

Fundi_Faiba_Pasua

Ile filamu ni nzuri kwa kokoto za lami, lakini unene wake ni sehemu ya tano ya milimita, jiwe la Engaresero linapita nalo. Na haishiki juu ya jelikoti iliyokufa kuwa chaki, na ukiibandika juu ya vidonda ambavyo hujaziba unafungia maji yale yale. Kama anataka kupaka kitu basi chini kabisa, kama futi moja hivi toka kwenye kona ya sakafu, anaweza kupiga ile rangi ya mpira wanayopaka kwenye bodi za pikapu. Asipande nayo juu, nyeusi inapika faiba juani na siku ukiamua kuitoa utatukana wazazi wa aliyekushauri, ambaye ni mimi.

Dada_UsaRiver

Samahani kaka zangu mi sio mtu wa magari, mume wangu ndo dereva, ila nafanya kazi shamba la maua na nimewahi kuona Mwaustralia mmoja aliyekuja hapa na karavani amefunga wavu kama neti zetu za kivuli, tunazofunika miche. Ulitoka kwenye bampa ya nyuma ya gari mpaka kwenye kile chuma cha kuvutia chenye umbo la A, umelazwa kama kitanda cha kamba, sio umesimama. Akatuambia jiwe likirushwa na tairi linapiga neti kwa chini, neti inalegea inalimeza, linadondoka. Alisema kwao ni kawaida kabisa. Neti za kivuli zipo maduka ya pembejeo, chukua nzito ya asilimia 80 na ikunje mara mbili, kingo zote mshone na mkanda wa begi utie na matundu ya pete, ukifunga kamba kwenye neti tupu itachanika siku hiyo hiyo.

DerevaKisongo

Dada umemaliza mchezo. Hiyo ndo yenyewe, laini na imelala. Naongezea tu: usiikaze kama ngoma, ukikata kona gari na karavani vinakunjana utaing'oa, fungia na mipira ya tyubu za pikipiki ivutike. Raba za matope usinunue, tafuta mpira wa konveya, ule mkanda wa kubebea mawe machimboni, uliochakaa, una vitambaa ndani hauchaniki, au nenda kwa wanaokata katambuga wakukatie tairi kuukuu, ila tairi zingine zina nyaya ndani zinachoma mkono.

Na mwendo mkuu. Najua wanaosema kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, lazima ukimbie 80 ndo gari lielee, hiyo ni gari tupu bila mzigo nyuma. Ukishuka toka 80 kwenda 60 nguvu ya jiwe inapungua karibu nusu, kwa sababu nguvu inafuata mwendo mara mwendo. Punguza upepo kwenye tairi ukiingia vumbini, rasta utazipita bila kukimbia, ila utembee na pampu uujaze tena ukirudi lami. Lori likija mbele we simama pembeni lipite.

Mangi_wa_Himo

Kusimama pembeni kupisha lori? Mtu wa Arusha? 😂😂 haya.

Mtembezi_Njiro

Wiki tano baadaye, nimerudi na mrejesho kama nilivyowaahidi inbox.

Nyota ile kubwa nilinusa kweli, siki tupu. Sarafu ililia bubu eneo kama kiganja. Nimempata kijana mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha anajua faiba, amekata pale, ndani mkeka ulikuwa mweupe umelowa na ukiuvuta kwa koleo unatoka kama nyuzi za muhogo. Amejenga upya. Vile 22 vingine nimeziba mwenyewe na mama watoto, yeye anashika selotepu mimi nachanganya, tukaharibu kikombe kizima mara ya kwanza maana niliongeza hadina kidogo tu, Fundi nisamehe, kikapata moto mpaka nikakitupa nje kinatoa moshi.

Neti nimeshona kwa fundi wa mabegi. Safari ya kwanza Engaruka nilipofika naona neti imeyeyuka upande mmoja, tundu kama sahani, kumbe bomba la ekzosi linapumulia pale pale! Hilo hakuna aliyeniambia jamani 😅 nikageuza mdomo wa ekzosi ukatazama pembeni, nikashonea kiraka. Safari ya pili nimekwenda 55 mpaka 60 muda wote, wageni walipenda kabisa, wakawa wanapiga picha mlima Lengai bila kuniambia nisimame. Nikafika Engaresero nikalala chini kuangalia, juu ya neti kuna changarawe kama konzi mbili na jiwe moja kubwa kama yai la kanga limekaa katikati kwa ustaarabu.

Vidonda vipya ni 4 tu, vyote chini kabisa upande wa kushoto, nadhani ni pale raba ya matope inapoishia. Na waya wa taa za nyuma umekatwa na jiwe, huo nao nimeupitishia ndani ya bomba la kumwagilia. Trafiki wa Makuyuni alizunguka gari mara mbili akauliza hiki kitanda ni cha nani.

Dada_UsaRiver

Haha kitanda cha mawe hicho. Hongera kaka, msalimie wifi.

Fundi_Faiba_Pasua

Kazi nzuri. Kikombe kutoa moshi ndo ada ya shule. Ila hivyo vinne vya chini usiseme utaziba wikiendi, huku Moshi imenyesha toka saa tisa usiku na wingu linakuja kwenu.