Nani aliwaambia mboga iliyolowa sosi ni ya Kithai?

Ssebo na nnyabo (mabwana na mabibi) mnaopika mkirekodi, tumechoka. Kila video ni ileile: nakati (mboga ya majani) au maharage mabichi yanachovywa kwenye uji wa ngano, yanatupwa kwenye mafuta vuguvugu, kisha bakuli zima la sosi linamwagwa juu. Halafu mnaandika "mboga kavu za Kithai". Kavu gani hiyo? Ukiinua jani linaning'inia kama chapati iliyodondokea chai.

Thailand wana chakula chao, yam phak bung krop: mchicha wa maji uliokaangwa hadi ukavunjika mdomoni kwa kelele, na sosi inakuja kwenye bakuli lake. PEMBENI. Unachovya unapokula. Mngeiga hilo tu, nusu ya sahani zenu zingepona. Wala si kila cha Kithai lazima kiogelee kwenye tui la nazi.

Unga sasa. Ngano ukiikoroga sana inavutika, ganda likipoa linakuwa ngozi. Chukua unga wa mchele gramu 100, wanga wa mahindi gramu 50 (ule mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito, SI unga wa posho, ule wa ugali, jamani!) na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji yenye gesi, baridi ya barafu, mililita 200 hivi, yatie kwenye unga mafuta yakishapata moto, si nusu saa kabla. Uji uwe mwepesi kiasi kwamba rangi ya jani inaonekana. Vibonge vidogo viacheni.

Majani yaoshwe mapema, yakaushwe kwa kitambaa hadi kwenye mikunjo. Tone la maji likibaki humo linageuka mvuke, linabandua ganda, na mafuta yanakurukia. Bamia pasua kwa urefu. Ukikata viduara, ute unaharibu uji wote.

Mafuta nyuzi 180. Huna kipimajoto? Dondosha tone la uji: lizame kidogo, lipande papo hapo likitoa mapovu. Likikaa chini, mboga itayanywa mafuta. Na hapa ndipo sigiri inawaumbua wengi, maana makaa hayana kitufe: ukitupa majani ishirini kwa mkupuo, joto linaanguka na kurudi kwake ni taratibu. Kaanga matano matano, dakika moja hadi mbili, uyapumzishe juu ya wavu wa chuma. Anayefunika kwa sahani "yasipoe" anayapika upya kwa mvuke.

Sosi: vijiko 2 vya chakula vya mchuzi wa samaki, 3 vya maji ya ndimu, 2 vya sukari guru, kamulali (pilipili kali) 2, kitunguu saumu punje 2, na kisubi (mchaichai). Kisubi chenyewe si yale majani marefu ya chai! Ni sentimita 10 za chini, zile nyeupe, umenye tabaka mbili za nje, ukate nyembamba kabisa. Mnaovitia kisubi na saumu kwenye uji msishangae uchungu. Saumu inaungua kabla ganda halijakauka.

Eti mukene (dagaa) wa kusaga badala ya mchuzi wa samaki? Harufu utapata, ila ile chumvi ya samaki aliyechachushwa miezi hutaipata. Tumieni mkikosa, lakini msituambie ni kitu kimoja.

Anayebisha aweke picha ya dakika ya kumi baada ya kupakua, si ya sekunde ya kwanza.