Bodi imekufa baada ya radi: soketi 1151, je, H110 itafaa?

Jicho_la_Kondele (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Kompyuta niliyoiunga mwenyewe imekataa tangu mvua ya radi ya jana. Stima ilipotea na kurudi mara tatu, na mara ya mwisho mashine haikurudi nayo. Nikibonyeza swichi, feni zinazunguka kama sekunde moja, zinasimama, basi. Nimetoa kadi ya grafiki nikachomeka HDMI kwenye bodi yenyewe, skrini nyeusi vilevile.

Vilivyomo: Core i5-9400F, mazabodi ya H310 ya micro-ATX, RAM za DDR4 mbili za GB 8, GTX 1650, SSD ya SATA, pawasaplai ya wati 450.

Duka moja hapa mjini lina bodi ya H110 iliyotumika. Muuzaji anasema soketi (tundu la prosesa) ni 1151 kama yangu, kwa hivyo itaingia tu. Niichukue, au nijikaze ninunue B660 mpya?

Soketi_Nakuru

Usilipe bado, kaka. H110 itaingia lakini haitawaka. Jina LGA1151 limebeba koo mbili zisizosikizana. Chipseti (chipu kuu ya bodi, ndiyo inayoipa bodi jina) za mfululizo wa 100 na 200 (H110, B150, B250, Z270) ni za prosesa za kizazi cha 6 na cha 7. Za mfululizo wa 300 (H310, B360, B365, H370, Z390) ni za kizazi cha 8 na cha 9. Idadi ya pini ni ileile, ila Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini, hasa za umeme. 9400F yako inataka mfululizo wa 300 na si mwingine.

B660 nayo ni ya soketi nyingine, LGA1700, ya kizazi cha 12 hadi cha 14. Utanunua prosesa upya, na ukiangukia bodi ya DDR5, hata RAM zako hazitakuwa na pa kuingia.

Halafu kuna hiyo herufi F. Maana yake prosesa haina grafiki ndani. Tundu la HDMI la bodi halina chochote cha kuonyesha, bodi iwe nzima au mbovu, kwa hivyo kipimo chako cha HDMI hakijathibitisha lolote. Rudisha kadi, skrini ichomekwe kwenye kadi.

Waya_Zambarau (Kakamega)

Anza na pawasaplai, kwa sababu ikiwa ndiyo mbovu, utaichomeka kwenye bodi mpya na kuiua nayo. Ichomoe kwenye bodi na kila kitu kingine. Ichomeke ukutani, washa swichi yake ya nyuma, pima kwa multimita waya wa zambarau dhidi ya mweusi: volti 5 iwepo hata kabla hujawasha chochote. Kisha unganisha waya wa kijani na mweusi ulio jirani yake kwa kipande cha waya (pini ya 16 na ya 17, kama nyaya zako zote ni nyeusi). Feni yake izunguke. Njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Usiifungue hata ikichomolewa. Kapasita za ndani hushika chaji. Na ujue kipimo hiki hakina mzigo: pawasaplai iliyochoka yaweza kufaulu hapa na kuanguka kazini. Ukipata ya kuazima, bora zaidi.

Sasa bodi. Itoe kwenye kasha uilaze juu ya boksi la karatasi. Bila kuunganisha umeme wowote, weka multimita kwenye omu, upime tundu la pini 8 lililo karibu na prosesa: upande wa volti 12 dhidi ya upande wa ardhi. Pima prosesa ikiwa ndani, kisha uitoe upime tena. Niletee namba zote mbili.

Jicho_la_Kondele (Kisumu)

Pawasaplai: zambarau 5.06, njano 12.1, nyekundu 5.02. Pini 8: prosesa ikiwa ndani 0.7 omu, multimita inalia. Bila prosesa inapanda hadi mia na kitu. Kando ya soketi kuna mosfeti (swichi ndogo ya umeme) moja ina kitundu kidogo, kama imechomwa kwa sindano ya moto.

Waya_Zambarau (Kakamega)

Basi bodi imekwisha, na sekunde moja ya feni imejieleza: pawasaplai inaona njia fupi (shoti), inajizima.

Lakini tazama namba ya pili. Bila prosesa, ile njia fupi inatoweka. Hiyo ni dalili ya mosfeti ya juu, ile inayopokea volti 12 na kuzikata kuwa kama volti 1 na kidogo za prosesa. Ikifungamana, volti 12 zinaelekea moja kwa moja kwenye prosesa. Wakati mwingine pawasaplai hujizima mapema ikaiokoa, wakati mwingine haiwahi. Usinunue bodi yoyote kabla prosesa haijapimwa kwenye bodi nzima ya mfululizo wa 300. Nenda dukani na prosesa, RAM moja na kadi ya grafiki. Bila kadi hakutakuwa na picha, tutarudi palepale.

Soketi_Nakuru

Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Prosesa ikiwaka, tafuta B365 au B360, na H310 iwe chaguo la mwisho. H310 ina nafasi mbili tu za RAM, na njia za PCIe (za kupitisha data) za chipseti yake ni za 2.0, kwa hivyo SSD ya kasi ya M.2 NVMe ukija kuiweka itabanwa. B365 ilitoka mwishoni mwa 2018, kizazi cha 9 kikiwa tayari sokoni. H310 na B360 za mwanzo zinaweza kuwa na BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) ya zamani isiyoitambua 9400F. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako.

Prosesa ikiwa imekufa, usiifuate 1151 tena. Chukua H610 au B660 iliyoandikwa DDR4 pamoja na i3-12100F, au bodi ya AM4 (soketi ya AMD) ya B450 au B550 na prosesa ya Ryzen 5 5600. Zote zitapokea RAM zako. Kwa B450, hakikisha BIOS yake inajua Ryzen za 5000.

Bodi iliyotumika, mulika soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni, si juu. Pini zote zirudishe mwanga kwa mstari mmoja; palipo na doa jeusi katikati ya mstari, pini imelala. Zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi za HP na Dell ziache: nyingi zina tundu la umeme lao wenyewe, pini 24 zako haziingii.

Jicho_la_Kondele (Kisumu)

Prosesa imewaka kwenye B365! BIOS imeitaja kwa jina na RAM zote mbili zimesomwa. Nimeilipia. Kuna la kuangalia kabla ya kufunga?

Mdau_wa_Milimani (Kisumu)

Omera, hesabu nguzo ndogo za shaba ndani ya kasha. Nguzo iliyo mahali pasipo na tundu la bodi ing'oe, la sivyo itagusa mgongo wa bodi na kuleta njia fupi nyingine. Pesti mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya pojo katikati ya prosesa. Piga burashi mapezi ya kipoza joto, wadudu wa ziwa hujazana humo. Pini zake nne zibonyeze kwa mshazari mpaka kila moja ilie.

SSD isipoonekana kama diski ya kuwashia, ingia BIOS: hali ya SATA iwe AHCI, na kama Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kugawa diski, MBR, washa CSM (hali ya kuwasha kwa njia ya zamani). Ikiuliza ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows), uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uutafute kwa simu kabla ya kuwasha.

Na kama intaneti yako inashuka kwa kebo kutoka kwa kisahani cha paani, mawingu yakianza kunguruma chomoa hiyo kebo pamoja na plagi. Radi hupita humo pia.