Naomba ushauri: spoila ipi inafaa kwa Altezza?

Wakuu, salamu. Niko Nkuhungu, Dodoma, na ninaendesha Toyota Altezza ya 2001, nyeupe. Taa zake za nyuma ndizo zilizonifanya niinunue, ila buti naliona limekaa tupu mno.

Nimepata spoila mbili, yaani vile vipande vya kupachika juu ya buti kwa nyuma. Moja fupi, ya plastiki, inabandikwa kwa tepu ukingoni mwa buti. Nyingine ya faibaglasi, imesimama kama bawa, inafungwa kwa bolti. Hiyo ndiyo moyo unaitaka. Shida ni kutoboa bati. Rafiki yangu alitobolewa buti, fundi hakupaka rangi wala silikoni kwenye matundu. Mvua zilipoanza maji yakaingia hadi kwenye tairi la akiba, na kutu ikazunguka tundu kama pete. Halafu uzito: buti litabaki juu nikilifungua?

Ile ya kubandika naihofia kwa jua la huku na vumbi. Morogoro naenda mara kwa mara, isije ikanibandukia Gairo.

Aliyewahi kufunga anisaidie: tepu inadumu? Na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, bawa lina kazi yoyote au ni muonekano tu? Mwenye picha aweke, nitashukuru sana.